Sindano Thelathini

Saa nne ya asubuhi ilikuwa bado haijafika, na Mama Pacha alikuwa amebakiwa na uzi wa shubiri moja kwenye sindano. Aliuvuta kwa ubahili, akamalizia kamba ya gauni la mgonjwa, akafunga fundo. Kisha akatulia na sindano tupu mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anapiga hesabu ya chai.

Chumba cha kushonea cha hospitali kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia, chenye dirisha moja na rangi ya ukutani iliyobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mashuka na magauni yaliyochanika yaliletwa asubuhi kwa toroli, yakaondoka jioni kwa toroli lilelile. Cherehani zilikuwa tatu. Mama Pacha hakuwa mtu wa cherehani, yeye alikuwa wa mkono: kamba za magauni, vifungo vya makoti ya madaktari, viraka vidogo ambavyo mashine inavipa makunyanzi. Ilikuwa kazi ya kukaa. Kwa mwanamke wa miaka arobaini na saba ambaye magoti yake yalilia kila akipanda ngazi, kile kiti kilikuwa nusu ya mshahara.

Kwenye cherehani ya jirani alikaa Darubini. Jina lake la nyumbani hakuna aliyelikumbuka. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia mle ndani na viatu vipya, au na macho ya kulia, au na ugomvi wa mume, Darubini asivione kabla mwenyewe hajatundika mkoba.

"Dada mkubwa," alisema bila kugeuza kichwa, "hiyo sindano unaiombea dua?"

Mama Pacha akamnyooshea. Darubini akaipokea, akatunga uzi mara moja tu, akarudisha. Hakutaja bei kwa kuwa bei ilijulikana. Chai na mkate saa nne, chai na mkate saa tisa, pale kantini, na anayelipa ni Mama Pacha. Mambo yalikuwa hivyo kwa miezi kumi na minne, tangu tundu la sindano lilipoanza kumkimbia.

Si kwamba hakujua dawa yake. Alikwisha kwenda kwa mpima macho, akaambiwa jicho la kulia na la kushoto hayalingani, kwa hiyo ile miwani ya kununua barabarani haitamfaa. Alikuwa ameijaribu hata hivyo, ikampa maumivu ya kichwa siku mbili. Ya kwake ilitakiwa itengenezwe. Alipotajiwa bei alishukuru kwa heshima, akakunja karatasi ya vipimo, akaenda kuizika ndani ya kopo la vifungo nyumbani. Kila mwezi alijiambia mwezi ujao, na kila mwezi ujao ulikuja na shida zake mkononi.

Jumatatu hiyo msimamizi aliingia na kalamu yake sikioni, akawasomea tangazo. Wafanyakazi wote wa kufulia na kushonea watapimwa macho mwisho wa mwezi unaofuata. Asiyeona vizuri na hana miwani atahamishiwa chumba cha pasi. Alisoma kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya sabuni, akabandika karatasi mlangoni, akaondoka.

Chumba cha pasi maana yake ilikuwa kusimama kwa saa nane ndani ya mvuke, na posho ya ushonaji kukatwa. Darubini alimtazama Mama Pacha, akatazama karatasi ya mlangoni, kisha akakanyaga cherehani yake. Mara moja moja alijua kunyamaza.

Kulikuwa na wiki saba.

Nyumbani, Mama Pacha alichukua daftari kuukuu la mmoja wa wanawe, lenye kurasa chache safi nyuma, akaanza kuandika kila senti iliyomtoka. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amechoka kuulizwa na nafsi yake pesa imekwenda wapi na kukosa jibu. Aliandika wiki nzima kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na ilipofika Jumapili mchana, alipotaka kujumlisha, hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe.

Ikabidi amwite pacha mkubwa asome. Pacha mdogo alikuwa anasuka nywele mlangoni. Mume wake, mlinzi wa ghala ambaye Jumapili ndiyo siku pekee aliyoliona jua vizuri, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka na kitambaa usoni, amelala au anasingizia.

Pacha mkubwa akasoma. Sabuni ya kipakiti. Mafuta ya kupima. Sukari ya kupima. Vocha. Chai ya Darubini. Nauli. Mafuta ya kupima. Chai ya Darubini. Sukari ya kupima. Chai ya Darubini. Chai ya Darubini.

Kitambaa kiliondoka usoni.

"Huyu Darubini," Baba Pacha aliuliza, "ni mtoto wetu wa ngapi?"

Wasichana walicheka. Mama Pacha hakucheka. Aliwaeleza yote kwa maneno machache, macho yake yakiwa kwenye daftari ambalo haliwezi kumsaidia. Pacha mkubwa, ambaye hesabu ilikuwa mchezo wake, akaomba bei ya miwani, akaandika pembeni, akazidisha, kisha akasema taratibu kwamba kwa chai ya miezi kumi na minne mama amekwisha kununua miwani mitano, na ya sita ameianza.

Hapo hakuna aliyecheka.

"Kwa nini hukuniambia?" mume akauliza.

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungenipa pole. Pole ninazo nyingi."

Baba Pacha akakaa kitako. Alitaka kukasirika, ikaonekana hata nguvu ya kukasirika hana. Akauliza kama kwenye daftari na yeye yumo. Binti yake akamjibu kwamba yumo, ukurasa wa pili, Jumamosi, kubeti. Akajilaza tena na kurudisha kitambaa mahali pake, na kutoka chini ya kitambaa akasema kwamba basi, na hiyo itaachwa.

Hakuna kubwa walilolifanya. Wenye makubwa ya kufanya huwa na pesa ya kuanzia. Mama Pacha alijua kwamba kununua mafuta ya lita ni nafuu kuliko ya kupima kila jioni kwa jirani mwenye kibanda, kila mtu anajua, tatizo ni kupata pesa ya lita siku moja. Kwa hiyo alianza na sabuni peke yake, mche mzima badala ya vipakiti. Kilichobaki kwenye sabuni ndicho kilichosaidia kununua sukari ya kilo. Kilichobaki kwenye sukari kikaingia kwenye mafuta. Ilichukua wiki tatu kufika hapo, na katika wiki hizo tatu kulikuwa na siku mbili walizokunywa chai chungu wakatazamana. Alishuka kituo kimoja kabla ya chake ili apunguze nauli, na magoti yakamtukana njia nzima. Vocha za wasichana zikawa siku mbili kwa wiki, jambo lililoleta mnuno mkubwa nyumbani kuliko chai chungu. Kila Ijumaa alitia kilichopatikana kwenye bahasha, na bahasha ikaingia kwenye kopo la vifungo, juu ya karatasi ya mpima macho.

Lakini shimo kubwa lilikuwa kantini, na shimo hilo lilikuwa na meno.

Siku ya kwanza alipokuja na chupa ya chai kutoka nyumbani, na vikombe viwili, Darubini aliitazama ile chupa kama mtu aliyeletewa uji wa mgonjwa.

"Chai ya chupa?" aliuliza. "Mimi kule kantini siendi kwa kiu, dada. Naenda kukaa. Nakaa, naona watu, watu wananiona. Hapa utaniona wewe tu, na wewe mwenyewe huoni."

Mama Pacha alikuwa na haki ya kukasirika, lakini sindano ilikuwa tupu. Akamweleza kwamba hawezi tena kulipa mara mbili kwa siku, hata mara moja hawezi. Darubini akasema sawa, atatunga mara moja asubuhi kwa heshima ya ukubwa wake, lakini asimsumbue siku nzima kwa kikombe cha chai ya chupa, kwa sababu na yeye ana hesabu yake ya mashuka kwa msimamizi.

Mara moja asubuhi. Mama Pacha alilala na maneno hayo, na alipoamka alikuwa na jibu. Njiani alinunua pakiti ya sindano thelathini. Bei yake haikufika chai mbili. Akakata kipande cha sponji ya godoro, akachomeka sindano safu tatu za kumi kumi, akaziweka mbele ya Darubini.

"Umesema mara moja," alimwambia. "Tunga."

Darubini alicheka mpaka mwenzao wa cherehani ya tatu akageuka. Kisha akatunga zote thelathini kabla chai haijapoa, kwa kuwa pamoja na mdomo wake wote alipenda mtu mjanja.

Kulikuwa na jambo moja. Hospitali ile ilikuwa na sheria ya sindano, nayo ilikuwa ya zamani kuliko watu wote waliokuwemo mle. Kila mshonaji wa mkono alitia saini asubuhi kwa sindano mbili na kurudisha mbili jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kuleta ya kwake. Miaka ya nyuma sindano ilikuwa imesahaulika kwenye shuka, ikaingia kwenye paja la mgonjwa. Mama Pacha aliijua sheria hiyo kama anavyojua njia ya kwao. Aliificha sponji ndani ya droo ya meza, juu ya mapaja yake, akatumia sindano moja baada ya nyingine, na kila iliyoishiwa uzi aliirudisha palepale. Jioni alizihesabu kwa kidole. Kumi, kumi, kumi. Kwa wiki tatu zikatimia kila siku, na bahasha ikanenepa.

Alhamisi ya wiki ya tano kazi ilikuwa nyingi. Wodi ya wazazi walikuwa wameleta magauni arobaini kwa pamoja na walikuwa wanayataka siku hiyohiyo. Mama Pacha alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Toroli lilipakiwa. Akarudisha sindano mbili za hospitali, akatia saini, akarudi kitini, akaingiza mkono kwenye droo.

Kumi. Kumi. Tisa.

Akahesabu upya kuanzia chini. Tisa, kumi, kumi. Akapapasa droo, akapapasa sketi yake, akainama kupapasa sakafuni. Darubini aliona. Alikuja akachuchumaa karibu yake, akasaka chini ya meza kwa macho yake mazuri, akainua uso bila kitu.

"Kaa kimya," alinong'ona. "Itakuwa imefagiwa. Umebakiza wiki mbili, dada. Wiki mbili tu."

Toroli lilikuwa limekwisha sukumwa mpaka mlangoni. Gurudumu lake moja lilipiga kelele siku zote, na Mama Pacha alilisikiliza likielekea nje. Alifikiria bahasha. Alifikiria mvuke wa chumba cha pasi. Alichoka, si uchovu wa siku ile, ule wa miezi yote aliyojifanya anaona. Kisha akafikiria gauni likifungwa mgongoni mwa mwanamke aliyejifungua asubuhi, na kichanga kimelazwa juu yake.

Akanyanyuka, akashika toroli.

"Msimamizi, nimepoteza sindano."

Msimamizi alitazama karatasi yake. "Zako mbili hizi hapa, umesaini."

"Si za hospitali. Ni yangu. Nilikuwa nazo thelathini."

Cherehani zote zilisimama. Msimamizi akaitoa kalamu sikioni, akaishika tu bila kuandika. Akamuuliza mtu anafanya nini na sindano thelathini.

"Kwa sababu sioni tundu," Mama Pacha alisema. "Mwaka na zaidi sasa sioni. Hutungwa zote asubuhi."

"Nani anakutungia?"

Hakugeuka kumtazama Darubini.

"Wanangu, nyumbani."

Walilirudisha toroli ndani. Magauni yote arobaini yakashushwa mezani, na wanawake wanne pamoja na msimamizi mwenyewe wakayapitia moja moja, kwa macho na kwa viganja, mshono kwa mshono. Mama Pacha hakujisumbua kutazama, alifumba macho akapapasa. Kwenye gauni la saba katika fungu lake, pale kamba inapokutana na shingo, kidole chake cha pete kilichomwa. Damu ikatoka tone moja, ikadoa kitambaa. Hakuwahi kushukuru maumivu namna ile.

Hukumu haikuwa ndefu. Msimamizi hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. Alimwambia kuanzia kesho ni chumba cha pasi, na posho itakatwa kuanzia kesho. Akiwa tayari na miwani kabla ya mwezi ujao kuisha, kiti chake kipo. Mwezi ukiisha, ataweka mtu mwingine.

Chumba cha pasi kilikuwa kama alivyokijua. Mvuke ulipanda asubuhi na kubaki hadi jioni, na miguu ilivimba mpaka viatu vikaacha alama. Mshahara uliofuata ukaja umepungua, na bahasha iliyokuwa imekwisha pita nusu ya safari ikasimama. Alihesabu, akamhesabisha pacha mkubwa, jibu likawa lilelile. Kilipungua kiasi cha robo ya bei, na miwani yenyewe inachukua wiki nzima kutengenezwa. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumatatu.

Jumatano moja Darubini alijitokeza kwenye mlango wa pasi na kikombe mkononi, akapenya kwenye mvuke huku amekunja uso.

"Ya kantini," alisema, akikiweka juu ya kabati. "Na mkate. Usizoee."

Akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Jumapili mchana Mama Pacha alikaa mlangoni miguu ameitumbukiza kwenye beseni, akawaambia nyumba nzima kwamba imeshindikana, wasimsikitikie, ataendelea na pasi na maisha yataendelea. Hakulia. Aliongea kama anayesoma tangazo la sabuni. Mume wake alikohoa. Akanyanyuka, akaenda kwenye koti lake la ulinzi, akatoa soksi iliyofungwa fundo, akaiweka pembeni ya beseni. Ilikuwa pesa.

Mama Pacha alimtazama bila kuigusa. "Umeitoa wapi?"

"Ni ile ya Jumamosi. Niliacha kubeti kama nilivyosema."

"Mbona hukuileta kwenye bahasha?"

Baba Pacha alitazama ukuta. Hakuwa mwongo mzuri, na uchovu ulimfanya awe mbaya zaidi. Akakiri kwamba aliziweka pamoja ili abeti mara moja, kubwa, mwisho wa msimu. Alikuwa amekwisha chagua na timu.

Pacha mdogo aliziba mdomo kwa kiganja. Mama Pacha akafungua fundo la soksi, akampa pacha mkubwa ahesabu. Zilitosha, zikabaki za nauli.

"Hizo timu zako," alimwambia mumewe, "zikishinda usiniambie."

Zilishinda mbili kati ya tatu. Alimwambia.

Miwani ilikuwa tayari siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Aliivaa nyumbani kwanza, akaona utando wa buibui kwenye kila pembe ya dari, akaona mvi za mumewe zimeshuka mpaka kwenye masharubu, akaona alama za vidole kwenye swichi ya taa ambazo lazima zilikuwepo miaka. Wasichana wakasema anafanana na mwalimu wa hesabu. Akawaambia basi wasafishe swichi.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya msimamizi. Msimamizi alimkagua uso, akaangalia cheti cha mpima macho, akasogeza daftari la sindano. Mbili. Mama Pacha akasaini, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba saini zake za mwaka mzima zilikuwa zinatembea nje ya mstari.

Kitini kwake kulikuwa na kikapu kimejaa magauni mpaka juu.

"Hayo ni yako," msimamizi alisema. "Wodi zimekuwa zikirudisha. Kamba zinachomoka. Nilikuwa nayaweka pembeni."

Mama Pacha aliinua la juu kabisa. Mshono ulikuwa umekwenda huku na kule kama siafu waliomwagiwa maji, mwingine haukuwa umeshika kitambaa kabisa, ulikuwa umeshikana na mshono mwenzake. Aliutambua mkono wake.

"Yako mangapi?"

"Mia mbili na kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Msimamizi aliirudisha kalamu sikioni. "Nilidhani umechoka tu," alisema. "Wote tumechoka."

Akaondoka. Darubini alikuwa amesimamisha cherehani yake, anatazama waziwazi, hafichi. Mama Pacha alikata uzi, akaulowesha mdomoni, akalilenga tundu. Akakosa. Macho yalikuwa yameliona vizuri kabisa, mkono ndio ulikuwa umesahau. Akakosa tena. Darubini akanyoosha kiganja kwa mazoea, kisha akakirudisha mapajani. Mara ya tatu uzi ukapita.

"Haya," Darubini alisema. "Na mimi sasa chai yangu imekufa."

Mama Pacha akaisukuma ile chupa ya chai kwa kiwiko mpaka katikati ya meza zao mbili, na vikombe viwili juu yake. Akachukua wembe, akalitandaza gauni la kwanza mapajani, akaanza kufumua.